Mtungi Wenye Kifuniko

I. UA LENYE NZI NDANI

Asubuhi moja mtoto wa darasa la tano alifika shuleni amebeba kitu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Wenzake wakamzunguka.

— Umeleta nini?

— Nimeleta mmea unaokula nzi.

Alifunua jani. Ndani mlikuwa na ua moja kubwa, rangi yake ya zambarau yenye mabaka meupe. Lilikuwa limepindika kama kiko cha mzee, na chini lilikuwa limevimba kama kibuyu kidogo. Mmoja akalitega sikio. Naam, ndani ya kibuyu kile nzi walikuwa wakivuma.

— Kweli! Linawala!

— Hapana, wameingia tu kunywa.

— Kama wameingia tu, mbona hawatoki?

Maneno yakawa mengi. Mwalimu alipoingia, wote walisimama, lakini bado walikuwa wakinong'onezana. Mtoto akatoa ua lake, akasema:

— Mwalimu, nimesikia ya kuwa iko mimea yenye mitungi ambayo hula wadudu. Mimi nimeupata mmoja juu ya uzio wa jirani.

Mwalimu alilitazama ua lile pande zote, wala hakucheka. Akauliza:

— Umechuma yote?

— Hapana, Mwalimu. Yamebaki mengi.

— Vema. Ukirudi nyumbani, tafuta ua lililofunguka leo. Funga uzi mwekundu juu ya kikonyo chake, lakini usilichume wala usilipasue. Litazame jioni, ulitazame tena kesho asubuhi na mchana. Kesho wewe mwenyewe utatuambia kama ni mmea unaokula nzi au siyo. Leo mimi nitawaeleza juu ya mtungi wa kweli, ili kesho ujue la kutafuta.

II. MTUNGI WA KWELI

Mimea ambayo mwenzenu alisikia habari zake huitwa na wataalamu Nepenthes. Ziko aina zake zaidi ya 160. Mingi hutambaa au hupanda juu ya miti mingine kama mharagwe upandavyo kijiti.

Jani la mmea huo ni la ajabu. Mshipa wa katikati ya jani hauishii kwenye ncha. Huendelea mbele, ukawa ukono mwembamba unaoning'inia. Kisha mwisho wa ukono huvimba, hufunguka, ukawa mtungi. Basi shikeni neno hili: mtungi wa Nepenthes si ua wala si tunda. Ni sehemu ya jani.

Sasa tuutazame kutoka juu hadi chini.

Juu kuna kifuniko. Watu wengi hudhani ya kuwa mdudu akiingia, kifuniko huanguka na kumfungia. Si kweli. Kifuniko kikishafunguka mara ya kwanza hakifungi tena. Kazi yake ni kuzuia mvua isijaze mtungi, na upande wake wa chini mara nyingi hutoa maji matamu ya kuwavuta wadudu.

Chini ya kifuniko kuna mdomo wa mtungi. Ukingo wake una mistari mingi kama nyuzi za ukili zilizopangwa, na mara nyingine una meno yanayoelekea ndani. Ukingo huo ukilowa maji huteleza sana. Sisimizi anakuja kulamba utamu, anakanyaga ukingo, anateleza, anaanguka.

Katika aina nyingi, ukuta wa ndani una nta. Mdudu hapati pa kushika. Hatimaye chini kabisa kuna maji, lakini si maji ya mvua tu. Mmea wenyewe huyatoa, na ndani yake mna uchachu na dawa za kuyeyusha nyama, kama zile zilizomo tumboni mwetu. Mdudu huzama na kuyeyuka. Kisha ukuta wa mtungi hunyonya ule mchuzi.

Basi kazi za mmea ulao wadudu ni nne, nanyi mziweke moyoni kwa maneno manne: HUVUTA, HUKAMATA, HUYEYUSHA, HUNYONYA. Likikosa moja, msiharakishe kusema "unakula".

Fikirini mgomba. Maji ya mvua hukaa pale jani linapokutana na shina, na mara nyingi mnaona wadudu waliokufa humo. Je, mgomba umewala? Hapana. Haukuwavuta, wala hauna dawa ya kuwayeyusha. Walizama tu kama mtu azamavyo ziwani, wala hatusemi ya kuwa Ziwa Kivu lina tumbo.

III. KWA NINI MMEA UTAFUTE NYAMA?

Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Mwalimu, mihogo na maharagwe ya kwetu hayali nzi, na bado yanastawi. Kwa nini hiyo ihangaike?"

Swali zuri. Kila mmea hupata chakula chake kikubwa kutoka katika jua, hewa na maji. Lakini unahitaji pia vitu vingine kutoka udongoni, hasa naitrojeni na fosforasi. Sisi wa Goma tunakaa chini ya volkano. Mawe ya Nyiragongo yakisagika kwa miaka mingi huwa udongo wenye rutuba. Mmea wa huku hukuta meza imeandaliwa.

Nepenthes nyingi hukaa mahali pa njaa: kwenye vinamasi vyenye uchachu, juu ya miamba mitupu, au katika udongo ambao mvua imeosha rutuba yake yote. Huko mmea usio na njia nyingine hudhoofika. Wenye mtungi huongezea haba ya udongo kwa miili ya wadudu.

Jambo hili lilihakikishwa kwa majaribio. Mwaka 1875 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu juu ya mimea ilayo wadudu. Alichukua mmea mdogo uitwao Drosera, ambao majani yake yana vinywele vyenye matone ya ulimbo. Juu ya majani mengine alitia maji ya sukari, au mafuta: majani hayakujikunja. Juu ya mengine alitia maziwa, ute wa yai, au maji ya nyama: yalijikunja juu ya chakula kile. Mmea ulitambua kitu chenye naitrojeni na kitu kisicho nayo. Angalieni jinsi alivyofanya: hakubishana, alijaribu.

IV. INAPATIKANA WAPI?

Mkitafuta Nepenthes ya porini hapa Kongo, au Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania bara, hamtaipata. Afrika bara haina. Lakini mkishuka mpaka pwani na kuvuka Bahari ya Hindi, mtaikuta visiwani.

Katika visiwa vya Shelisheli iko aina moja tu, Nepenthes pervillei. Huota juu ya milima ya mawe ya visiwa vya Mahé na Silhouette. Katika kisiwa cha Madagaska ziko aina mbili, Nepenthes madagascariensis na Nepenthes masoalensis, upande wa mashariki penye mvua nyingi. Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa liwali huko, aliandika habari za mmea wa Madagaska mwaka 1658. Katika maandishi ya Ulaya, hiyo ndiyo habari ya kwanza juu ya mmea wa namna hiyo.

Kutoka hapo, aina nyingine ziko Sri Lanka na India, na wingi wake uko mashariki zaidi: Borneo, Sumatra, Ufilipino, mpaka Australia ya kaskazini.

V. MITUNGI MIWILI, MMEA MMOJA

Sasa tunafika penye shida ya kutambua. Mtu akienda porini asipojua jambo hili, atakosea siku ya kwanza.

Mmea wa Nepenthes ukiwa mchanga, mitungi yake hukaa chini, karibu na udongo. Mara nyingi huwa minene, na mbele ina mbawa mbili zenye nyuzinyuzi. Mmea ukikua na kupanda juu, hutoa mitungi ya namna nyingine: mirefu, myembamba, chini kama pembe, na mbawa zimepungua au hazipo kabisa. Hata rangi hubadilika. Mgeni huchuma wa chini na wa juu, akasema: "Nimepata aina mbili." Kumbe ni mmea mmoja!

Ni kama mtu aliyemwona kifaranga asubuhi na jogoo jioni, akadhani ni ndege wa aina mbili.

Kwa hiyo linganisheni mtungi wa chini na mtungi wa chini, na wa juu na wa juu. Tena msiitegemee rangi. Mtungi uliokaa juani huweza kuwa mwekundu, na ndugu yake aliyekaa kivulini akawa kijani.

VI. MMEA CHOTARA NI NINI?

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Nepenthes haina maua ya kiume na ya kike juu ya mmea mmoja. Mmea mmoja ni dume, mwingine ni jike. Wadudu ndio wanaochukua unga wa maua, yaani chavua, kutoka kwa dume kwenda kwa jike. Lakini mdudu hajui majina ya wataalamu. Ikiwa aina mbili zimekaa jirani na zimetoa maua wakati mmoja, mdudu huweza kuchukua unga wa aina hii na kuupeleka kwa jike wa aina ile. Mbegu zitakazotoka zina baba wa aina moja na mama wa aina nyingine. Mmea wa namna hiyo huitwa chotara.

Msidhani ya kuwa hilo ni jambo la mbali. Mmekula chotara wengi! Ile ndizi ndogo tamu iitwayo kamaramasenge, na zile ndizi ndefu za kupika au kukaanga, ni uzao wa aina mbili za migomba ya porini ya Asia, Musa acuminata na Musa balbisiana. Migomba hiyo ilichanganyika zamani sana, kisha watu wakaichukua na kuipanda mpaka ikafika kwetu.

Kutokana na hayo mnaweza kujibu swali moja bila kusafiri. Katika visiwa vya Shelisheli iko aina moja tu ya Nepenthes. Je, chotara anaweza kuzaliwa huko porini? Fikirini kabla ya kusoma mbele.

Hawezi. Chotara hutaka wazazi wa aina mbili. Mtu akikuambia ameokota chotara wa Nepenthes porini kisiwani Mahé, mwulize: "Mzazi wa pili yuko wapi?" Lakini Borneo, penye aina nyingi zinazokaa pamoja, machotara ni wengi. Na kwa kuwa machotara hao mara nyingi huzaa nao, wajukuu hurudi kuchanganyika na jamaa ya babu au ya bibi. Hapo hata mtaalamu hukuna kichwa.

VII. MLIMA KINABALU

Katika kisiwa cha Borneo, nchini Malaysia, uko Mlima Kinabalu. Urefu wake ni meta 4,095. Unaupita Nyiragongo wetu, wenye meta 3,470 hivi, lakini haufiki Karisimbi wenye meta 4,507.

Ukipanda Kinabalu, kati ya meta 1,500 na meta 2,650 hivi unaweza kukuta Nepenthes rajah, ambayo ni kama mfalme wa jamaa yote. Mtungi wake mkubwa huweza kuchukua maji zaidi ya lita mbili. Kifuniko chake ni kipana kuliko vya wengine wote. Ukono wake hautoki kwenye ncha ya jani. Hutoka upande wa chini wa jani, mbali kidogo na ncha. Tena una urafiki wa kuchekesha. Mnyama mdogo mfano wa kuchakuro huja kulamba utamu wa kifuniko. Akila hukaa juu ya mtungi kama mtu aliyekaa chooni, na mavi yake huanguka ndani yakawa mbolea. Wataalamu walieleza habari hizo katika miaka ya 2009 hadi 2011.

Ukiendelea kupanda, kuanzia meta 2,300 hivi mpaka kupita meta 3,200, unakuta Nepenthes villosa. Huyu ana manyoya mengi, na ukingo wa mdomo wake una mabamba yaliyosimama, yenye meno marefu makali.

Sasa angalieni hesabu. Mmoja anakoma meta 2,650 hivi. Mwingine anaanza meta 2,300 hivi. Basi kuna ukanda wa mlima ambamo wote wawili huweza kukutana. Na huko ndiko, karibu na mpaka wao, inakoota mimea isiyo rajah wala villosa. Meno ya mdomo ni marefu kuliko ya rajah, lakini ni mafupi kuliko ya villosa. Ukono hutoka chini kidogo ya ncha ya jani, kama nusu ya sentimeta tu. Kwa rajah umbali huo ni mkubwa zaidi.

Mwaka 1910 mwanamke Mwingereza, Lilian Gibbs, aliupanda mlima huo na kuchuma mfano wa mmea huo. Mwaka 1914 mtaalamu Macfarlane aliuchunguza. Angeweza kutangaza: "Nimepata aina mpya!" na kujipatia sifa. Hakufanya hivyo. Aliandika ya kuwa dalili za umbo lake zinaonyesha ni chotara wa villosa na rajah, wala hakuupa jina. Miaka mingi ilipita kabla Mjapani Shigeo Kurata hajauita Nepenthes × kinabaluensis. Ile alama katikati mnaijua: ni alama ya kuzidisha. Katika majina ya mimea maana yake ni "chotara".

VIII. KANUNI SITA ZA KUTAMBUA

Tukusanye sasa yote tuliyojifunza.

1. Kwanza jua kama kitu ulichoshika ni jani au ni ua.

2. Linganisha mtungi wa umri na mahali pamoja: wa chini kwa wa chini, wa juu kwa wa juu.

3. Usishike dalili moja. Tazama kifuniko, mdomo, meno, manyoya, mbawa, na mahali ukono unapotoka. Rangi iwe ya mwisho.

4. Ukiona dalili za katikati ya aina mbili, tafuta wazazi. Kama wote wawili wako karibu, unaweza kudhani ni chotara. Kama hawapo, ngoja.

5. Hesabu. Mimea michache iliyosimama katikati ya makundi mawili makubwa huelekea kuwa chotara. Mimea mingi inayofanana yote, inayozaa watoto wanaofanana nayo, huenda ikawa aina kamili.

6. Andika ulichokiona, mahali na siku. Jina lije mwisho.

IX. JINA BAYA LINAWEZA KUUA

Mtaniuliza: "Mtu akikosea jina, hasara iko wapi?" Hasara ni kubwa.

Watu wa nchi tajiri hupenda kupanda Nepenthes katika nyumba za vioo, nao hulipa fedha nyingi kwa mmea adimu. Kwa hiyo wako wezi wanaong'oa mimea porini. Katika mlima wa mawe uitwao Kelam, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, iko Nepenthes clipeata. Haipatikani mahali pengine popote duniani. Wakusanyaji na moto vimeipunguza mpaka imekaribia kutoweka. Mtu akimwita mmea kama huo "chotara tu", mwingine ataona si kitu kuung'oa. Na mtu akimwita chotara "aina mpya adimu", wezi watakimbilia mlima ule, watakanyaga na kung'oa hata wazazi wake.

Ndiyo sababu mataifa yalifanya mkataba huko Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Nepenthes zote zimo katika mkataba huo. Rajah wa Borneo na khasiana wa India wamewekwa katika daraja la ulinzi mkali kabisa. Lakini askari wa forodha atawezaje kuulinda mmea asioweza kuutambua? Kutambua ndiyo mwanzo wa kulinda.

X. JAMAA WALIO KARIBU NASI

Msihuzunike ya kuwa hatuna Nepenthes. Mimea mingine ilayo wadudu iko Kongo na nchi jirani.

Wa kwanza ni Drosera, ule mmea wa majaribio ya Darwin. Aina iitwayo Drosera madagascariensis, ijapokuwa ina jina la Madagaska, huota pia Kongo, Uganda na Tanzania, mahali penye kinamasi na nyasi fupi. Ni mdogo, mwekundu, na matone yake hung'aa juani kama umande. Nzi mdogo akitua, hunaswa kwa ulimbo; kisha vinywele humkunjia.

Wa pili ni Utricularia, mmea wa vifuko. Aina nyingine huelea majini bila mizizi, nyingine hukaa katika udongo wenye maji. Mtu huona maua madogo tu, ya manjano au ya zambarau, lakini chini yake kuna vifuko vingi vidogo kama punje ya mtama au vidogo zaidi. Kila kifuko kina mlango. Mdudu wa majini akigusa vinywele vya mlango, kifuko humvuta ndani pamoja na maji kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wewe ukipepesa jicho mara moja tu, kifuko kimeshamaliza kazi zamani.

Mimea hii midogo hufa kinamasi kikikaushwa au maji yakichafuliwa. Watu lazima walime, wale, sisemi vinginevyo. Lakini anayejua kilichomo katika kinamasi atafikiri kabla ya kukikausha chote, naye pengine ataacha sehemu. Asiyejua ataona matope tu.

XI. UZI MWEKUNDU

Siku ya pili, kabla ya kengele, mtoto wetu alikuwa amekwisha kusimama mlangoni.

— Mwalimu, wametoka!

— Nani wametoka?

— Nzi! Jana jioni walikuwa ndani, niliwasikia. Ndani ya shingo ya ua kulikuwa na manyoya yanayoelekea chini, hawakuweza kupanda. Leo manyoya yamenyauka, nao wanatoka mmoja mmoja. Wako wazima! Na migongoni wana unga wa manjano.

— Basi tupime kwa yale maneno manne. Liliwavuta?

— Ndiyo, kwa harufu yake.

— Liliwakamata?

— Ndiyo, usiku mmoja.

— Liliwayeyusha? Liliwanyonya?

Mtoto alitikisa kichwa. Akasema polepole:

— Hapana, Mwalimu. Tena si jani, ni ua. Haliwali. Linawafungia ndani, linawapaka unga wake, kisha linawaachilia wakaupeleke kwa ua jingine.

— Vema. Ua hilo huitwa Aristolochia.

Mtoto aliinama, akauliza kwa sauti ndogo:

— Basi jana niliwaambia wenzangu uongo?

— Hapana, mwanangu. Jana ulitoa jina kabla ya kutazama. Leo umetazama kwanza. Tena umetuambia yale uliyoyaona, ingawa yanakanusha maneno yako ya jana. Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu, nawe umeianza leo.

Wenzake hawakumcheka. Saa ya mapumziko wote walikwenda kutafuta uzi mwekundu.

MAULIZO

1. Mtungi wa Nepenthes ni sehemu gani ya mmea?

2. Taja kazi nne za mmea ulao wadudu.

3. Kifuniko cha mtungi kina kazi gani? Watu wengi hudhani nini juu yake?

4. Kwa nini mmea wa mahali penye udongo maskini huhitaji wadudu kuliko mmea wa shamba letu?

5. Kwa nini hapawezi kuzaliwa chotara wa Nepenthes katika pori la Shelisheli?

6. Nepenthes rajah huishia meta 2,650 hivi, na Nepenthes villosa huanza meta 2,300 hivi. Ukanda wanamoweza kukutana una urefu wa meta ngapi kutoka chini hadi juu?

7. Macfarlane alitenda vipi mwaka 1914? Wewe ungetenda vipi?

KAZI YA KUFANYA

Chagua mmea mmoja karibu na nyumba yenu. Utazame siku tatu, asubuhi na jioni. Andika wadudu wanaoufikia, wanafanya nini, na kama wanaondoka wazima. Usiung'oe.

Angalieni: msiingie kinamasini wala msiende ufukweni bila mtu mkubwa. Tena msishuke kamwe katika mashimo na mabonde madogo penye mazuku. Hewa ile mbaya ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, haionekani, nayo humshika mtoto mfupi kabla ya mtu mzima. Ukiona ndege au panya amekufa shimoni, usiende kumtazama karibu. Rudi nyuma, uwaambie wakubwa.